Mzee Amepumzika

Izara iliyonipata juzi pale Mtoni kwa Azizi Ally bado inaniunguza uso, na lau si kwamba daladala za Mbagala hupita barabara hiyo hiyo, ningalikwisha apa kutoukanyaga tena upande ule wa Temeke.

Nalimpigia simu fundi cherehani wangu, mzee wa haya na swala tano, nimwulize habari za kanzu ambayo kitambaa chake nilimkabidhi tangu kabla ya Ramadhani. Akapokea mjukuu wake, mtoto aliyelelewa kwa adabu iliyopita kiasi, akaniambia kwa sauti ya chini, "Shikamoo. Babu amepumzika." Nikamwuliza, "Tangu lini?" Akasema, "Baada ya adhuhuri tu. Bibi amesema watu wasipige kelele." Sasa nawauliza wenye insafu: mtu aliyezaliwa akakulia pwani hii, akiambiwa kwa sauti ya chini kuwa mzee wa miaka sabini na ushei amepumzika, na kelele zimekatazwa, afahamu nini? Nikasema "Inna lillahi", nikakata simu, nikaenda moja kwa moja kijiwe cha kahawa karibu na soko la Tandika. Na kabla ya adhana ya alasiri daftari la rambirambi lilikuwa limekwisha zunguka, mwenye turubai na viti amepokea arubuni yake, kina mama wamejitanda kanga, na kijana mmoja ametumwa kuuliza bei ya sanda. Tukafuatana, wanaume mbele na wanawake nyuma, hata tukafika barazani, na hapo ndipo marehemu alipotokeza kutoka uani, amejifunga msuli, mswaki mdomoni, akatutazama kwa huruma nyingi, akauliza, "Msiba kwa nani, jamani? Nisubirini nivae kanzu, tufuatane."

Hakuna aliyemjibu. Mama mmoja aliyekuwa amekwisha anza kulia alishindwa kunyamaza, maana kilio kikishika kasi hakina breki; mwenye turubai alikataa katakata kurudisha arubuni; na mzee mwenyewe, alipofahamishwa kisa chote, hakukasirika hata chembe, bali alilitaka lile daftari, akasoma majina moja baada ya moja akiguna kwa waliotoa kidogo, kisha akatoa hukumu kwamba fedha iliyochangwa kwa jina lake ni haki yake. Akaichukua. Kanzu yangu haijashonwa.

Nilipotulia nikaanza kulichunguza neno lenyewe, na kadiri nilivyolichunguza ndivyo hasira ilivyogeuka mastaajabu. Ndugu zake ni pumua na pumzi. Pumu ni maradhi ya kuikosa hiyo pumzi. Na kupumzika, kwa asili yake, ni kupata wasaa wa kuvuta pumzi baada ya kazi iliyomfanya mtu ahemee juu juu. Kiarabu nacho kilitupitisha njia hiyo hiyo, kwani katika nafas, ambayo ni pumzi, tulichota nafasi, na kwa wazee wetu kutanafusi kulikuwa ni kupumua na kustarehe pamoja, hata mtu anayekuambia leo kuwa hana nafasi, asili ya neno lake ni kwamba hana pa kuvutia pumzi. Basi imekuwaje neno hili, lililojengwa juu ya pumzi, likapewa yule asiyekuwa nayo tena? Sababu ni stara. Watu wa pwani huona uzito kusema fulani amekufa. Watasema amefariki, ameaga dunia, ametangulia mbele ya haki, au amepumzika, na kazi yote ya kufahamu wakamtwisha msikilizaji. Nami nimesoma kwamba mtu mzima aliyetulia huvuta pumzi kati ya 12 na 20 kwa dakika, kila moja kiasi cha nusu lita ya hewa, kiwambo kilicho chini ya mapafu kikishuka na kupanda bila kungoja amri ya mwenyewe. Yaani katika muda ule tuliokuwa tukimchangia sanda, fundi wangu alivuta pumzi zisizopungua elfu, na nyingi katika hizo, kwa ushahidi wa mjukuu, alizitoa kwa kukoroma.

Shangazi yangu wa Mwananyamala, aliposikia redioni kuwa timu yetu inapumulia mashine, alitaka kujua imelazwa wodi gani.

Konda mmoja wa Gongo la Mboto alinikemea kwa kumpumulia abiria kisogoni, kana kwamba alikuwa ametubakizia mahali pengine pa kupumulia.

Bali liko moja nisiloweza kulicheka, nalo ni kupumzishwa. Kustaafu katika utumishi wa umma kuna sheria yake, miaka 55 kwa hiari na 60 kwa lazima, na aliyefika huko amestahili kupumzika. Lakini mwajiri anapomwita mtu mwenye nguvu zake, akampa bahasha yenye habari kwamba uongozi umeamua kumpumzisha, amemfukuza, na juu ya kumfukuza amemnyang'anya hata neno la kulalamikia, kwani nani atakwenda kumshitaki aliyempumzisha? Barua yangu mimi ilinitakia mapumziko mema. Tangu hapo ada za shule hazikupumzika, wala umeme, wala wenye duka. Nilipokwenda kwa mwenye nyumba nikamwomba anipe nafasi nipumue kidogo, alinijibu kwa upole kabisa kuwa kupumua ni bure, ila kodi ni ya miezi sita, nayo hulipwa mbele.