Nimestaafu, Bei Yangu Haikupanda

Mjukuu wangu ana wakati wake wa kuuliza maswali. Hunisubiri nivue kiatu kimoja, cha pili kikiwa bado mguuni, mkono umeshika kamba na mgongo unalia, ndipo anasimama mbele yangu. Juzi ilikuwa hivyohivyo.

"Babu, shikamoo."

"Marahaba."

"Geti la ngome liko wapi?"

Ngome yenyewe ni ya plastiki. Niliinunua gulioni, kwenye turubai la muuza mitumba, ikiwa ndani ya mfuko pamoja na gurudumu moja, kichwa cha mtu anayecheka bila kiwiliwili, na soksi ambayo hakuna aliyejua ilifikaje humo. Shilingi 6,000 baada ya kuvutana sana. Muuzaji aliapa kwamba ni matofali ya LEGO, ya Ulaya, hayavunjiki. Hilo ni kweli. Nimekanyaga moja usiku wa manane nikienda uani, na kati yetu wawili aliyevunjika si tofali. Tangu siku hiyo sikanyagi sakafu ya nyumba yangu bila ndala.

Ngome ilisimama kwa siku tatu za kazi: kuta za kijivu, minara miwili, askari mmoja na mkuki wake. Pa geti pana tundu. Mtoto hakulia, na hapo ndipo nilipoogopa. Alikaa akilitazama lile tundu kama mwenyekiti wa kitongoji anayetazama daftari la michango.

Nikampigia mjomba wake aliyeko Dar es Salaam, ambaye anajua kila kitu kwa kuwa simu yake haikosi bando. Alirudi hewani baada ya nusu saa.

"Baba, hiyo imestaafu."

"Nani kastaafu?"

"Hiyo ngome. Wameacha kuitengeneza. Ukiitaka sasa unanunua kwa watu waliojiwekea, na bei imepanda."

"Imepanda kwa sababu gani?"

"Kwa sababu imestaafu, baba."

Nikakata simu bila kuaga. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Nimestaafu kwa mujibu wa sheria, miaka 60 kamili, na tangu siku ile hajatokea mtu hata mmoja wa kusema bei yangu imepanda. Nilipoagwa nilipewa saa ya ukutani, nadhani ili nisikose kuona ninavyopitwa. Kikokotoo cha mkupuo wa mafao ndicho hicho mnachokijua: cha asilimia 50 kimepita, cha 33 kikaja Julai 2022, cha 40 kikafuata 2024, vyote kama mabasi ya Segera, na mimi bado niko kituoni na begi langu.

Kwa hiyo nilitaka kujua. Nani huko anayekaa mezani na kusema hiki kistaafu, hiki kibaki? Na kwa nini kwao kustaafu ni heshima? Mwanangu, kwa kuona nimekasirika, alinisomea kwenye simu jioni tatu mfululizo, na mimi niliandika kwenye daftari la maandalio, maana mazoea yana taabu.

Watu hao wako Denmark, katika mji mdogo uitwao Billund. Seremala mmoja, Ole Kirk Kristiansen, alianza kuchonga midoli ya mbao mwaka 1932. Mbao zikaja kuwa plastiki, na tarehe 28 Januari 1958 likapelekwa kuandikishwa tofali hili tunalolijua, lenye vifungo juu na mirija ndani. Ajabu yake ni kwamba tofali la mwaka ule linashikana na la leo bila kupigwa nyundo. Hapo nilipiga mstari mara mbili kwa kalamu nyekundu, na sababu mtaiona mbele.

Juu ya tofali hilo moja hujengwa mada, kama tulivyokuwa tukisema kwenye azimio la kazi. Mada ya ngome na ya anga zilianza mwaka 1978, ya maharamia 1989. Kila mada ina umri wake. Polisi na zimamoto hawastaafu, kwa sababu kila mwaka kuna mtoto anayefikisha miaka mitano na hajawahi kumiliki gari la zimamoto. Zipo za kupita njia: boksi hukaa sokoni mwaka mmoja na nusu, labda miwili, halafu rafu inatakiwa na mgeni. Zipo na za kuazima, kama zile za filamu za Star Wars tangu 1999, ambazo mwenye tofali hana budi kukubaliana kwanza na mwenye filamu. Hiyo ni nyumba ya kupanga, hata ukiipaka rangi si yako.

Nilikuwa namweleza mke wangu haya kwa sauti ya darasani huku akichambua kisamvu. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mwalimu, mbona unaongea kama umegundua jambo? Khanga si ndivyo zilivyo?"

"Khanga zimeingiaje hapa?"

"Doti niliyoiacha Korogwe mwezi wa pili, nikarudi mwezi wa tatu na hela mkononi, haipo. Wanachapa, wanatazama. Ikitoka wanaongeza, isipotoka inakufa na jina lake. Lakini kisutu? Bibi yangu aliolewa na kisutu, na wa mwakani ataolewa na kisutu. Hiyo ndiyo zimamoto yako." Akaendelea kuchambua. "Na zile za Urafiki ulizoniletea tulipooana ziko wapi? Kile kiwanda walichotujengea Wachina, kikafunguliwa 1968, tukasema hatutavaa nyingine mpaka tufe. Sisi hatujafa."

Dakika mbili. Mimi nilitumia jioni tatu na bando la watu.

Lakini msidhani hao wa Billund huamua kwa hekima tupu. Miaka ya mwanzo ya 2000 walizalisha kila kilichowajia kichwani. Mwaka 2002 walitoa mada iitwayo Galidor, iliyofuatana na tamthilia ya televisheni, ambayo mtoto hakuwa hata na cha kujenga, na ikafa mapema. Aina za vipande zikapita 12,000, na kila umbo jipya linataka kalibu yake ya chuma, na kalibu hizo si za kununua kwa mshahara wa mwalimu. Kufikia 2003 kampuni ilikuwa inapumulia mdomoni. Mwaka 2004 wakampa usukani kijana wa miaka 35, Jørgen Vig Knudstorp. Akapita akiuliza kila kipande kinafanya kazi gani, na karibu nusu ya aina zile zikaondolewa. Hapo sikuhitaji maelezo. Ule ni uhakiki wa watumishi hewa, ila wa plastiki.

Kuna mada nyingine iitwayo Bionicle. Ilianza 2001, na ndiyo mojawapo ya zilizoinjika chungu wakati wa ile njaa. Mwaka 2010 ikastaafishwa. Mwaka 2015 ikaitwa tena kazini, na 2016 ikaondolewa tena. Huyo namfahamu. Ni mwalimu aliyeagwa, akarudishwa kwa mkataba kwa kuwa hesabu hazina mtu, kisha akaagwa mara ya pili, na mara ya pili hakuna aliyechinja hata kuku.

Na kuna Ninjago, ya wapiganaji wenye vitambaa usoni. Ilitoka 2011 na haikupangiwa maisha marefu. Mwaka 2013 mgeni aitwaye Chima akaletwa kukalia kiti. Watoto wakakataa, wakaendelea kumtaka wa zamani. Chima akaondoka 2015, Ninjago yupo mpaka leo. Watoto walilia, na mwenye kiwanda akasikia. Siku yangu ya kuagwa watoto walilia pia, lakini nilipochunguza nikakuta ni soda zilizopungua.

Siku hizi hata mtu wa nje anaweza kupeleka wazo lake. Akipata waungaji mkono 10,000 wazo linafikishwa kwenye kamati, na kamati ina ruhusa ya kusema hapana. Yaani kura ni yako, uamuzi si wako. Mfumo huo ukiletwa hapa kwetu Masuguru hautahitaji semina.

Nami sina haki ya kushangaa, kwa sababu maisha yangu yote nimefundisha mada za kustaafu. Nilianza kazi nikifundisha Siasa. Nikaipenda, nikaweka chati ukutani. Ikaondolewa, likaja Uraia. Nikabandua chati, nikabandika nyingine. Likaja Uraia na Maadili. Siku hizi nasikia kuna Historia ya Tanzania na Maadili, na nikichungulia daftari la mjukuu naona sura za kwenye chati yangu ya kwanza zimerudi kwa mkataba. Chati nilishaipa panya.

Yote hayo ningeyameza. Kilichonikwama kooni ni nyumba.

Mwaka 2019 nilianza nyumba ya kustaafia, hapahapa Masuguru, kwa matofali ya kufungamana. Hayo ni ndugu wa matofali ya mjukuu wangu: yana vichwa juu na matundu chini, yanakaliana bila kula saruji nyingi. Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi, ndio NHBRA, umeyahimiza kwa miaka mingi. Udongo, saruji kidogo, mashine ya kugandamiza, basi. Hakuna tanuru, hakuna mti unaokatwa. Nikapandisha mpaka kozi tatu chini ya lenta, hela ikaisha, nikasema nasubiri mafao. Mafao yalipokuja nikachukua tofali moja la mfano, nikalibana kwapani, nikaenda kwa fundi.

"Mwalimu, shikamoo."

"Marahaba. Nataka 180 kama hili."

Huyu nilimfundisha mwenyewe. Alilipokea, akaligeuza juu chini kama mganga anayesoma ndege.

"Mwalimu, haya hatutoi tena. Ile kalibu iliisha, tukachukua mashine nyingine. Ya sasa ni mapana kidogo."

"Kidogo kiasi gani?"

"Kidole."

"Yatashikana na yangu?"

"Hayatashikana. Labda tuyalazimishe kwa saruji."

Nikamweleza habari za Denmark. Nikamwambia kuna tofali la mwaka 1958 ambalo hata leo ukilipeleka kiwandani linaingia kwenye la jana, taf! Alinisikiliza kwa adabu ileile aliyokuwa nayo darasa la tano, yaani bila kuandika chochote.

"Sasa," nikamwambia, "kama haya yangu yamestaafu, si bei yake imepanda?"

"Hapana, mwalimu. Hayo hayana mnunuzi."

Nilirudi nyumbani na tofali langu kwapani, nikampigia tena mwanangu nieleweshwe vizuri jinsi mstaafu anavyopanda bei. Akanisomea utafiti wa wanazuoni wawili wa Moscow, Victoria Dobrynskaya na Julia Kishilova. Walifuatilia seti 2,322 zilizouzwa kati ya 1987 na 2015, wakakuta zikishatoka madukani hupanda kwa wastani wa asilimia 11 hivi kwa mwaka. "Ila, baba," akasema, "wanaopata hela nzuri ni wenye boksi ambalo halijafunguliwa." Hapo mambo yakanyooka. Mimi boksi langu lilifunguliwa zamani. Nimechezewa na darasa la watoto 90, nimepigwa chaki, nimepigwa jua la gwaride, nimehamishwa mara nne, na vipande vingine viliachwa kwenye vituo vya nyuma. Mstaafu wa namna hiyo hauzwi kwa wakusanyaji wa vitu vya kale. Anawekwa kwenye mfuko pamoja na soksi.

Hata hivyo hesabu haimwachi mwenyewe. Nikatoa daftari. Ngome ya shilingi 6,000, asilimia 11 kila mwaka, kwa miaka 10, inafika kama 17,000. Hiyo ni karibu bei ya mfuko mmoja wa saruji, wa leo lakini, si wa miaka 10 ijayo. Nikajiambia si haba, lenta imeanza. Ilichohitaji ni kutulia pale ilipo, isiguswe na mtu.

"Babu!" mjukuu akaita kutoka ndani. "Geti limepatikana!"

Nikaenda kutazama. Kweli lilikuwepo, la buluu, limekatwa kwa wembe likakaa sawasawa kwenye tundu, linafunguka na kufunga. Nikalisifu. Nikamuuliza kaitoa wapi plastiki laini namna ile. Hakujibu. Bibi yake akajibu badala yake kwa kutazama chini ya kitanda, ambako ndala yangu ya kushoto ilikuwa imelala bila kisigino.

"Na wewe, mwalimu, fanya kama mwenzio," akasema. "Malizia hizo kozi tatu kwa matofali ya kuchoma, tupaue. Mvua haiulizi ukuta una rangi ngapi."

Matofali ya kuchoma nimeyaagiza jana. Ngome sasa ina geti la ndala, na sidhani kama wale wa Moscow wana asilimia ya ngome ya hivyo. Nawe ukipita Masuguru jioni ukaniona nimekaa ndani ya nyumba yangu na viatu vyote viwili mguuni, usidhani nina safari. Matofali yaliyobaki bado yako sakafuni.