Mjukuu wa Kuchomeka Ukutani

Mwaka 2022 ofisi ya wazee ya jimbo la New York ilitangaza kuwagawia wazee wapweke roboti zaidi ya 800 aina ya ElliQ. Hongera zao. Chombo chenyewe kinakaa mezani, kichwa mithili ya taa ya kusomea, tabuleti ubavuni. Hakingoji kusemeshwa. Kinamuuliza bibi amelalaje, kinamkumbusha dawa, kisha kinamkaribisha kwenye bingo au chemsha bongo. Bibi akisema neno, kichwa kinawaka taa na kuchezacheza, kuonyesha kimesikia. Adabu ambayo wajukuu siku hizi wameihamishia kwenye simu.

Tena hakiombi nauli. Hakiulizi nyumba imeandikwa jina la nani. Na kisa cha ujana wa bibi kikirudiwa mara ya saba, hakigunii pembeni kwamba "hicho ulishatusimulia."

Watoto wa mjini, msikicheke. Upweke kiliukuta umeshakaa kitako kwenye kochi la wageni. Na kama mmeridhika kimwamkie mama kila asubuhi kwa niaba yenu, basi siku ya mazishi nacho kikae mstari wa mbele, kipokee rambirambi.