Kurasa Zinazorukwa
Miongoni mwa wanafunzi wenye ndoto za kumiliki kampuni, kumbukumbu za Phil Knight, mwasisi wa Nike, zilizochapishwa mwaka 2016 kwa jina la Shoe Dog, husomwa kwa bidii ambayo wahadhiri wao wa uhasibu hawajapata kuionja. Funzo linalopendwa ni la ujasiri, kwamba kijana aliyetoka Stanford alikwenda Japani mwaka 1962, akajitambulisha kwa watengenezaji wa viatu wa Onitsuka kuwa mwakilishi wa kampuni ambayo bado haikuwapo, naye akaaminiwa. Kurasa zinazorukwa ni zile zinazoeleza kwamba mwasisi huyo aliendelea kwa miaka kadhaa kuajiriwa kama mhasibu, kisha akafundisha uhasibu chuo kikuu, huku viatu akiviuza kwenye buti la gari katika mashindano ya riadha. Na zile za uhaba wa ukwasi, yaani fedha taslimu za kulipia madeni yanapoiva, ulioikaba kampuni kadiri mauzo yalivyopanda, hata benki ikaitimua mwaka 1975. Hivyo msomaji hufunga kitabu akiwa ameazimia kuacha masomo, kuchapisha kadi zenye cheo cha Mkurugenzi Mtendaji, na kumtafuta mwanafunzi wa sanaa atakayemchorea nembo kwa dola 35, ujira aliolipwa Carolyn Davidson, mchoraji wa nembo ya Nike, mwaka 1971. Kwamba baadaye Davidson alipewa hisa, yaani sehemu ya umiliki wa kampuni, ni funzo ambalo, kwa kuilinda bajeti, halipigiwi mstari.