Somo la Lithiamu Saa Tisa ya Usiku

Kwetu Annexe umeme hauwaki, unarudi. Ni kama mume msafiri: haukuambii siku wala saa, na ukifika unaitoa nyumba nzima kitandani. Usiku mmoja wa mwezi wa sita, katika baridi ile ya Lubumbashi ambayo shemeji zangu wa Dar es Salaam wanadhani tunaitunga, ulirudi saa tisa kasorobo baada ya siku tatu. Watoto wa avenue nzima wakapiga yowe moja, "Courant!", nami nikaruka nikiwa nimejifunga blanketi, kwa sababu nyumbani kwetu anayeamka wa kwanza ndiye mwenye tundu la kuchajia.

Tuna tundu moja zima ukutani. Hapo tumechomeka ralonji yenye matundu matano, ambayo nayo imebeba ralonji nyingine ndogo mgongoni kama mama na mtoto. Simu nne, taa mbili, redio, na pasi ya mama watoto, ambaye umeme ukirudi hapigi miayo, anapiga pasi. Nyuma kabisa, kwenye tundu la mwisho, nikachomeka sigara yangu ya umeme. Nikarudi kulala nikiwa nimeridhika.

Sigara hiyo niliipata kwa shemeji yangu mwingine, dereva wa lori la njia ya Kasumbalesa. Aliitoa Afrika Kusini, akanihakikishia kwamba itaniachisha tumbaku. Ilinikuta navuta paketi moja kwa siku. Baada ya miezi miwili nilikuwa navuta paketi moja kwa siku na sigara ya umeme juu yake. Nyumbani waliipa jina la chicha ya mfuko. Moshi wake ulikuwa na ladha ya embe, na jirani alipata kumwuliza mke wangu kwa heshima zote kama siku hizi tunapika jamu ya kuuza.

Betri yake ni ya kutoa na kurudisha. Inafanana na betri ya tochi iliyokula vizuri: upana milimita 18, urefu milimita 65, na ndiyo maana mafundi huiita 18650. Ile iliyokuja nayo ilipokufa nilienda kwa fundi wa chini ya mwavuli, mmoja wa wale wanaopasua betri za kompyuta zilizochoka na kuchambua zilizo hai kama mtu anayechagua maharagwe. Akanipa moja kwa nusu bei. Aliijaribu kwa kuigusisha ulimi, akatikisa kichwa kama muonja mvinyo, akasema iko nzuri. Mimi, mwalimu wa kemia wa miaka kumi na minne, nikaukubali ule ulimi.

Nilitembea nayo mfukoni wiki nzima. Sarafu hatuna Kongo, lakini funguo ninazo, na funguo za nyumba ya Annexe si mchezo: ya geti, ya mlango, ya dirisha la chuma, ya kufuli la stoo ya makala ya kupikia. Zikaitafuna ile ngozi nyembamba ya plastiki inayovishwa betri, ikachanika karibu na kichwa. Nikaibandika kipande cha scotch. Kumbe mwili mzima wa betri ya namna hiyo ni upande wa hasi, kuanzia makalio mpaka ukingo unaokizunguka kichwa, na kichwa ndicho chanya. Kati yao hakuna ukuta, kuna ile ngozi tu na kiduara chembamba cha kuzuia. Ikichanika pale, pande mbili zinaweza kukutana bila kupitia mlango mkuu, na zikikutana hivyo zote mbili zinapandwa na homa. Jambo hili ninalifundisha. Lipo kwenye daftari langu, kwa wino mwekundu.

Kilichoniamsha ni harufu. Haikuwa ya embe. Ilikuwa tamu na kali, kama ile dawa ya kuondolea rangi ya kucha.

"Unapaka kucha saa hizi?" nikauliza.

"Papa, mimi njo nilitaka kukuuliza wewe," mama watoto akajibu kutoka kwenye pasi yake.

Kisha ikaja sauti. Si mlipuko, mlipuko ungekuwa na adabu, ungetangaza. Ilikuwa psss ndefu, kama mtu anayekusengenya kwa kupitia pengo la meno. Nikainua kichwa nikaiona chicha ya mfuko mezani imetoa jasho la rangi ya kahawia, na rangi yake ya nje imevimba malengelenge. Nikaigusa. Sijui kwa nini binadamu akiambiwa na pua, sikio na jicho kwamba kitu ni cha moto, bado anataka kumsikiliza na kidole.

Hapo nikafanya jambo la pekee la maana usiku ule: nikaenda ukutani nikang'oa ralonji nzima na watoto wake wote. Nyumba ikawa giza. Sikupigiwa makofi. Baada ya siku tatu za kungoja, nimewakatia umeme mwenyewe, kwa mkono wangu. Binti yangu mkubwa alinitamkia neno ambalo nitalichunguza siku nyingine.

Kitu kikishaanza kutoa moshi, mwenye akili hakishiki wala hakibebi. Anatoa watu nje, basi. Mimi nilikiona kipo juu ya kitambaa cha meza ambacho mke wangu alikishona mwenyewe kwa miezi mitatu, na nikapima hatari mbili. Nikachukua mwiko wa bukari, ule mkubwa wa kusongea kwa mikono miwili, nikakisukuma kikaangukia ndani ya mbabula, jiko letu la makala, iliyopoa. Nikaikokota mbabula kwa mkono wake hadi katikati ya kiwanja, nikaibwaga pale. Nikarudi nyuma hatua nne. Ingefaa kumi.

Ikatoa ulimi wa moto mweupe, mwembamba, wenye haraka, kama wa mtu anayechomelea mageti. Cheche moja ikatua kwenye pindo la blanketi langu. Mama watoto akatokea mlangoni na beseni la maji.

Sasa nielewe vizuri, msomaji. Mimi ndimi ninayefundisha metali alkali mwaka wa nne. Kila mwaka nachora ubaoni kipande cha lithiamu kinachoelea juu ya maji, na mishale, na gesi ya hidrojeni inayopanda. Nachora kwa sababu maabara yetu ina neli mbili za majaribio na mizani isiyo na mawe. Lithiamu yenyewe sijapata kuiona kwa macho, mimi mzaliwa wa Katanga ile ya zamani ambayo ndani yake kuna Manono, penye mwamba wa lithiamu unaozungumzwa dunia nzima. Ile miaka kumi na minne ya chaki ikanipanda kooni kwa mara moja.

"Hapana maji!" nikapiga kelele. "Lithiamu! Hapana maji!"

Ukuta wa jirani ukatoa kichwa. Alikuwa Papa wetu wa kampuni ya madini ya Gécamines, aliyefanya kazi ya kuyeyusha shaba maisha yake yote, hadi mwaka 2003 walipotolewa watu zaidi ya elfu kumi kwa mpango uliopewa jina la kuondoka kwa hiari. Hilo neno hiari bado hulitamka kama anatema mfupa wa samaki. Akaona moto mweupe, na damu yake ya tanuru ikachemka.

"Prof anasema kweli! Moto ya metali, hapana mayi! Muchanga! Tafuta muchanga!"

Mtu aliyeona shaba ya majimaji ikirushwa hewani kwa sababu ya tone la maji huwezi kubishana naye. Kwa hiyo tulikuwa wawili, sayansi na ufundi, tumekubaliana. Nyuma yake kijana mmoja anayesoma huko kampasi ya Kasapa alikuwa amepanda juu ya kichuguu na simu mkononi. "Prof," akaniomba kwa heshima, "rudia kusema, sikukamata vizuri."

Nikarudia.

"Muchanga iko yenu," mama watoto akasema, "mayi iko yangu." Akamwaga.

Nilifumba macho nikingoja hidrojeni. Kilichokuja ni maji ya mwezi wa sita, maji ya kisima yaliyolala nje, nusu kwenye mbabula, nusu kwenye mapaja yangu. Moto ukafyata. Betri ikafanya psss tena, dhaifu, akaongeza beseni la pili. Kisha la tatu. Alimwaga bidoni zima la lita 25 lililoletwa kichwani kutoka mbali, mpaka kile kitu kikanyamaza kabisa, na hakuna kilicholipuka isipokuwa heshima yangu.

Nililisoma jambo hilo baadaye, kwa aibu, kama mwanafunzi anayerudia darasa. Lithiamu ya ubaoni kwangu ni metali tupu. Ndani ya betri ya kuchajika haikai hivyo. Ni ioni zinazosafiri huku na huku kati ya pande mbili, kwenye kimiminika kinachowaka kama petroli. Joto likizidi, tabaka moja linaharibika na kutoa joto jingine, ambalo linaharibu tabaka la pili, na hivyo hivyo, bila kuhitaji ruhusa ya mtu. Moto unaouona ni moshi tu wa ugomvi ulio ndani. Mchanga unaufunika huo ugomvi shuka. Unazuia cheche, lakini joto linabaki na shuka lake. Kinachoukata ni kupoza, na kwa kupoza hatujapata bado kitu cha kuyashinda maji mengi, mradi uwe umekwisha kuondoa waya ukutani. Wahudumu wa ndege hufundishwa hivyo hivyo: uzime miali, kisha umwage maji au kinywaji chochote kisicho na pombe. Ndiyo sababu tangu mwaka 2015 sigara hizi zimekatazwa kwenye mizigo ya tumbo la ndege na kuamriwa ziwe na abiria wake. Si kwamba wanampenda abiria. Wanataka moto uwake mahali penye mtu wa kuumwagia soda.

Kuna jambo jingine alilolifanya mama watoto ambalo sikuliona mpaka nilipolitazama kwenye video ya yule kijana. Moshi wa betri una sumu, una floridi inayochoma mapafu. Mimi na Papa wa Gécamines tumesimama ndani ya moshi, tunakohoa na kukubaliana. Yeye kazunguka mbabula, kaupa upepo mgongo, na anamwaga kutoka upande ule. Mtu aliyepika kwa makala miaka ishirini haulizi upepo unatoka wapi.

Umeme ulikatika tena saa kumi na moja. Hakuna aliyekuwa amethubutu kuirudisha ralonji. Mama watoto akanisomea hesabu kabla ya chai: mwiko mmoja umeungua ncha na haugusi tena unga wa mtu, blanketi moja lina dirisha, bidoni moja la maji, saa mbili na zaidi za courant, na mbabula inanuka kucha. Mwiko mpya niliununua siku hiyo hiyo, maana nyumba inaweza kukaa bila umeme, bila bukari haikai.

Jumatatu niliingia darasani nikakuta wanafunzi hamsini na wawili wamekaa kimya kama kanisani. Kimya cha namna hiyo mwalimu anakijua. Mmoja wa nyuma akanyoosha mkono. "Prof, kwa mtihani, tuandike maji au hapana maji?" Nikafuta ubao uliokuwa safi. Nikawaambia kwamba mwaka 2019 watu watatu walipewa tuzo ya Nobel ya kemia kwa sababu ya betri hizi, na mmoja wao, John Goodenough, alikuwa na miaka 97, hakuna aliyewahi kuipata akiwa mzee zaidi. Kazi yake kubwa ilikuwa ya mwaka 1980: oksidi ya kobalti. Nikawaonyesha kwa dirisha upande wa Kolwezi, inakotoka kobalti. Wakatazama Kolwezi kwa adabu. Kisha yule wa nyuma akanyoosha mkono tena. "Kwa hiyo ni maji?"

Ni maji, nikasema.

Betri yenyewe tuliiacha ndani ya sufuria bovu lenye maji, katikati ya kiwanja, mchana mzima na usiku wake, kwa sababu maiti hizi zina tabia ya kufufuka. Mama mkwe alishauri itupwe chooni, nikakataa: choo chetu ni cha shimo, kina gesi yake, na mimi ndiye ninayekitumia kwanza asubuhi. Aliyepita kununua vyuma chakavu aliigeuza kwa kijiti akauliza bei. Mama watoto akamfukuza kabla sijafungua mdomo, akijua kwamba ningeuza. Sasa imo ndani ya mkebe wa maziwa ya unga uliojaa mchanga, juu ya ukuta wa matofali, mbali na nyumba. Mchanga nilimwachia Papa wa Gécamines auchague mwenyewe, naye alichukua muda mrefu.

Anapita kila jioni kuukagua. Anaugusa mkebe kwa mgongo wa mkono kama anayepima homa ya mtoto. "Kobalti ni yetu hii," aliniambia mara ya kwanza. "Ilienda bila kuaga, inarudi na matusi." Siku hizi anasema tu, "Leo iko baridi, Prof," na kusimama kidogo.

Juzi alisimama zaidi ya kidogo. Akatazama huku na huku, akasogea.

"Ule moshi yake, mbele ya kuungua. Ilikuwa na utamu ya nini?"

"Embe," nikamwambia.

"Embe," akasema. Akainama, akaunusa mkebe.