"Home" Ni ya Nyumbani

Mvua ya Tukuyu hainyeshi, inahamia. Wilaya ya Rungwe, uliko mji huo, ni kati ya sehemu zinazopata mvua nyingi zaidi Tanzania, na mwenye duka moja la steshenari mjini hapo amezoea kuisingizia kila kitu: karatasi kukunjamana, printa kumeza kurasa mbili mbili, wateja kuchelewa kulipa. Laptopu yake ilipozimika asubuhi moja katikati ya barua ya maombi ya kazi, macho yake yalikwenda kwanza kwenye dirisha la duka. Dirisha lenye kosa lilikuwa mezani.

Akaiwasha. Baada ya saa moja ikazimika tena.

Hadi jioni alikuwa amebadili soketi, amenunua stebilaiza na kuivisha adapta soksi isije ikapata baridi. Mama muuza parachichi, aliyekuja kutoa kopi ya kitambulisho cha NIDA, akamwonea huruma. "Iache ipumzike, mwanangu. Hata mimi nikitoka Katumba na kapu kichwani lazima nikae kidogo." Akajibiwa "ndaga fijo", asante sana kwa Kinyakyusa, na mashine ikapumzishwa. Haikusaidia.

Aliyegundua siri ni mwalimu wa hesabu aliyekuwa akisubiri mtihani wake uchapwe. Alitazama saa yake mara tatu, akatamka kwamba hilo si tatizo la umeme. Umeme haujui kuhesabu dakika sitini. Tangu hapo duka likaenda kwa ratiba. Wateja walifika wakiuliza "Inazimika saa ngapi?" kama wanaoulizia Coaster ya Kyela. Msimu wa maombi ya mikopo ya wanafunzi ya HESLB ulipoingia, utani ukaisha. Kijana anajaza fomu mtandaoni, anaichapa, anaipeleka kugongwa mihuri, anairudisha iskaniwe, na kioo kinakuwa cheusi huku mama yake akiwa amesimama nyuma ya kiti.

Asili ya mkasa huo ilikuwa ubaoni, juu ya mlango. Tanzania hii hata kibanda cha chipsi huitwa "Enterprises", na duka hilo nalo lilijiita hivyo. Laptopu ilinunuliwa Mbeya, imeshatumika, ikiwa na Windows 11 Home. Mwenye duka (ambaye, kwa aibu, ndiye mwandishi wa makala haya) alilisoma neno hilo akanuna. "Home ni ya nyumbani. Mimi nina biashara." Akaona kwenye orodha toleo liitwalo Enterprise, akaamini Microsoft imemfikiria yeye binafsi. Fundi aliyejua ubishi wa mteja akasema, "Sawa, bosi," akapiga Windows upya, akapokea elfu ishirini yake.

Aliyetegua kitendawili ni binti anayetengeneza simu jirani. Hakufungua hata skrubu moja. Alisoma maandishi madogo ya Kiingereza pembeni ya kioo, chini kulia, ambayo mwenyewe aliyachukulia kama cheti cha shule ukutani.

"Baba, hii ni ya majaribio. Siku tisini."

Enterprise huuzwa kwa mikataba kwa taasisi zenye kompyuta nyingi. Microsoft hutoa nakala ya bure ya siku 90 ili wataalamu wao waijaribu. Muda ukiisha, mandhari ya kioo huwa nyeusi na mashine hujizima kila baada ya saa moja. Kwa hiyo haikuwa imeharibika. Ilikuwa inatii amri.

Mwenye duka akauliza basi kama anunue toleo la Pro, maana jina nalo lina uzito. Binti akamhesabia. Pro inakuwezesha kuiendesha kompyuta hiyo ukiwa mbali kwa Remote Desktop, kuiunganisha na mfumo wa pamoja wa ofisi, kuendesha kompyuta pepe ndani yake, na kufunga diski kwa BitLocker kamili. Kupanda kutoka Home kwenda Pro ni dola 99 za Marekani. Duka lina laptopu moja, printa moja na msaidizi mmoja anayekaa hatua mbili kutoka kwenye meza. Aiendeshe kutoka wapi, Kiwira? Hoja pekee iliyomgusa ni ya kufunga diski, kwa kuwa humo mna kopi za vyeti na vitambulisho vya nusu ya mji. Lakini Home nayo husimba diski kwenye mashine zenye vifaa vinavyofaa, na yake inavyo.

Kilichouma zaidi kilikuja mwisho. Kutoka Enterprise ya majaribio hakuna njia ya kuteremka polepole. Kila kitu hufutwa na Windows hupigwa upya. Binti alipochomeka flashi, mashine haikuuliza toleo gani. Ufunguo wa Home ulikuwa umeandikwa kiwandani ndani ya maunzi yake, umelala humo muda wote, halali na umelipiwa. Alikuwa ametoa elfu ishirini kuondolewa mali yake.

Kikabaki kikwazo kimoja: Home hudai intaneti na akaunti ya Microsoft. Bando lilinunuliwa. Nywila ya barua pepe ilipatikana nyuma ya risiti ya luku, baada ya nusu saa ya kupekua droo.

Wajerumani waliuita mji huu Neu Langenburg. Jina likaondoka nao, mvua ikabaki. Bango la duka bado linasema Enterprises, kompyuta inasema Home, na haijajizima tena. Adapta imevuliwa soksi.