Ngeli za Upotevu: Kule, Pale na Mle katika Isimu ya Pasipoti

Wanaisimu wa Kiswahili wamebishana miaka mingi kuhusu ngeli. Wapo wanaozihesabu kwa viambishi vya majina, wapo wanaozipanga kwa upatanisho wa kisarufi: A-WA, KI-VI, I-ZI na nduguze. Hakuna kati yao aliyejishughulisha na swali dogo linalozuka kila siku ya kazi kwenye kaunta za polisi: pasipoti iliyopotea ni ya ngeli gani? Ikiwa kabatini iko I-ZI, hilo halina ubishi. Lakini msikilize anayeitafuta saa nne usiku na safari yake ni alfajiri. "Kaenda wapi huyu?" Imeshahamia A-WA. Baada ya nusu saa anaiita kwa majina ya wanyama.

Makala haya yanapendekeza mwainisho mpya. Sampuli yetu ni watu wanne: jirani yangu, binamu yangu aliyeko Doha, mwenzangu wa kazini, na mimi mwenyewe. Wahakiki watasema sampuli ni ndogo. Ni kweli, lakini wote wanne hawakuwa na pasipoti siku waliyoitaka, na matokeo ya asilimia mia moja si ya kubezwa.

Tuanze na kitenzi, maana kesi yote huamuliwa hapo. "Poteza" ni kauli ya kutendesha. Anayesema "nimepoteza pasipoti" amejitia hatiani kwa mdomo wake: pasipoti ilikuwa imetulia, yeye akaifanya ipotee. Katika saa tatu nilizokaa kwenye benchi la kituo cha polisi sikumsikia hata mmoja akisema hivyo. Wengi husema "imepotea", yaani iliamka yenyewe, ikajifunga mkanda, ikatoka. Wajuzi zaidi husema "nimepotelewa na pasipoti", kauli ya kutendewa iliyopandishwa juu ya kutendea, ambamo msemaji anakaa mahali pa mfiwa. Huyu hata benchi huachiwa nafasi. Halafu kuna "wamenipotezea", ambayo ina wingi usio na watu. Kila familia inao hao "wa", na hakuna aliyewahi kuwakamata. Mwingereza hana bahati hii. Lugha yake imemzoesha kukiri kosa kwanza ndipo aombe msaada.

Lakini dola nayo ina sarufi yake. Nilipofika mbele, mazungumzo yalikuwa mafupi.

"Imepotea au umeibiwa?"

"Nimepotelewa, afande."

"Kwa hiyo umeipoteza."

"Imepotea, afande."

Akaandika: amepoteza. Kisheria alikuwa sahihi kuliko nilivyotaka kukubali. Pasipoti si mali ya mtu ambaye picha yake imo ndani. Ni mali ya serikali, na mwenye picha ameazimwa. Kwa hiyo pale kaunta sikuwa mfiwa. Nilikuwa kijana aliyeazimwa baiskeli akarudi kwa miguu.

Kabla ya kuingia kwenye ngeli zenyewe, neno moja kuhusu maumbile. Mwaka 1920 Shirikisho la Mataifa, lililotangulia Umoja wa Mataifa, liliitisha mkutano Paris, na wajumbe wakakubaliana pasipoti iwe kijitabu cha kurasa 32. Leo kipimo chake cha kimataifa ni milimita 125 kwa 88. Msomaji achukue rula. Kadi ya benki ina milimita 85.6 kwa 54, na pochi zote duniani zinashonwa kwa ajili yake, pasipoti haiingii. Cheti cha shule ni karatasi kubwa, kinakaa kwenye faili au fremu ukutani. Pasipoti humo inateleza. Ni kubwa kuliko vitu vidogo na ndogo kuliko vitu vikubwa. Kitu cha namna hiyo hakina makao ndani ya nyumba. Kina wenyeji wa muda tu: droo ya soksi, mfuko wa koti, nyuma ya kioo.

Sasa ngeli. Mtoto wa sekondari anafundishwa kwamba mahali pana viambishi vitatu: PA kwa mahali dhahiri, KU kwa mahali pasipo dhahiri, MU kwa ndani. Ninadai kwamba mababu waliotuachia mgawanyo huu walikuwa wakitafuta pasipoti, kabla pasipoti haijabuniwa.

Upotevu wa KULE ndio unaoheshimika zaidi, kwa sababu una mwizi. Jirani yangu aliibiwa begi ndani ya daladala, na katika begi mlikuwa na simu, pesa na pasipoti. Kibaka wa kawaida hana haja na pasipoti. Anataka simu, kijitabu ni mzigo na ni ushahidi, hivyo hukitupa mtaroni mita mia moja mbele. Kikiwa na bahati huokotwa na mtu mwema akakipeleka redioni au msikitini, na jina la mwenyewe likasomwa baada ya matangazo ya vifo. Jirani alisikia la kwake likitangazwa siku ya tano. Tayari alikuwa amesharipoti.

Hapo ndipo wengi hukosea. Pasipoti ikisharipotiwa hufutwa, na kufutwa hakuna kurudi nyuma kwa kuwa imeonekana. Namba yake inaweza kuingia katika kanzidata ya Interpol ya hati za kusafiria zilizoibwa na kupotea, iliyoanzishwa mwaka 2002 na ambayo leo ina rekodi zaidi ya milioni 100. Uzito wa orodha hiyo ulijulikana kwa msiba. Tarehe 8 Machi 2014 ndege ya Malaysia iliyopotea, MH370, ilikuwa na abiria wawili waliosafiri kwa pasipoti za Mwitaliano na Mwaustria. Zote mbili zilikuwa zimeibwa Thailand miaka ya nyuma, zote mbili zilikuwa ndani ya kanzidata. Hakuna aliyezitafuta humo kabla hawajapanda. Wenye pasipoti walikuwa hai na salama huku majina yao yakisomwa kati ya abiria. Kwa hiyo jirani anayeshika kijitabu chake kilichookotwa na kwenda nacho uwanja wa ndege akichekelea anajipeleka mwenyewe chumba cha mahojiano, akiwa na kithibitisho kwamba yeye ni yeye na mashine inayosema siye.

Upotevu wa PALE ni wa ajabu zaidi: pasipoti inajulikana kabisa ilipo. Mwenzangu wa kazini aliiacha kwa wakala wa safari aliyeahidi viza ndani ya wiki mbili. Wiki ya tisa wakala alikuwa bado anapokea simu, na kila mara alisema, "Ipo, kaka, usiwe na wasiwasi." Ilikuwepo kweli. Neno "ipo" limewatesa watu wengi kuliko "haipo".

Binamu yangu wa Doha hataki kucheka na ngeli hii, nami sitamlazimisha. Pasipoti yake ilichukuliwa na mwajiri siku aliyoshuka, "kwa usalama", ikawekwa kwenye droo ambayo binamu anaweza kukuchorea hadi rangi ya kitasa. Sheria ya Qatar namba 21 ya mwaka 2015 inamtaka mwajiri amrudishie mfanyakazi pasipoti baada ya taratibu za ukaazi kukamilika, isipokuwa mfanyakazi mwenyewe aombe kwa maandishi itunzwe. Isimu inasimama hapo kwenye "isipokuwa". Mtu aliyefika jana, asiyejua lugha ya karatasi anayowekewa mbele, anaomba nini kwa maandishi? Wenye uzoefu wa Ghuba wanamwambia anayetaka kutoka apeleke habari ubalozini apewe hati ya dharura ya kurudi nyumbani. Kwa hiyo mtu anajaza fomu ya hati iliyopotea huku anaiona dirishani.

Sasa MLE, ngeli kubwa kuliko zote, ambayo haijaandikwa kwa sababu wahusika wanaona haya. Hapa pasipoti haikutoka nyumbani. Imo. Imo mle ndani, na mle ndani mna vyumba vitatu, kabati mbili, masanduku, na mifuko ya rambo iliyojazwa mifuko ya rambo.

Kanuni ya kwanza ya MLE: hakuna tarehe ya kupotea, kuna tarehe ya kugundua tu. Afande akiuliza "mara ya mwisho uliiona lini?" anauliza swali la falsafa. Mtu huitafuta pasipoti siku anapoihitaji, kwa hiyo inaweza kuwa haipo miaka minne bila kuumiza mtu. Jambo hili linatofautiana kwa nchi. Tangu Januari 2014 raia wa Kenya, Uganda na Rwanda wanaweza kuvuka mipaka kati yao kwa vitambulisho vya taifa. Wao hugundua kwa kuchelewa. Mtanzania hagundui kwa kuchelewa, kwani hata Nairobi kitambulisho chake hakimtoshi. Nilikuwa nakwenda Nairobi kwenye mkutano. Mwenzetu wa Kampala alifika kwa basi na kitambulisho mfukoni, akala chakula changu cha mchana.

Kanuni ya pili: bei huzidisha ufichaji. Mwaka 2015 Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilianza kutoa pasipoti ya dola 185, moja ya zilizo ghali zaidi duniani, mpaka bei ikashushwa kuwa dola 99 mwaka 2020. Mtu wa Goma au Lubumbashi aliyelipa dola 185 haitunzi pasipoti, anaificha. Na kilichofichwa ili mwizi asikione, mwenyewe naye ni mmoja wa watakaokikosa.

Kanuni ya tatu: anayetafuta pasipoti hai hupata kwanza iliyokufa. Usiku wa saa nne nilitoa kijitabu nyuma ya droo, nikapiga kelele ya ushindi, nikafungua. Ilikuwa ile ya zamani. Tanzania ilizindua pasipoti za kielektroniki tarehe 31 Januari 2018, na za zamani zikakoma kutumika 31 Januari 2020. Picha ilikuwa ya kijana mwembamba mwenye nywele.

Nilifuata njia ya kila mtu: ripoti ya upotevu polisi, hati ya kiapo kwa wakili (ambaye alinifanya niape kwamba sijui ilipo, kiapo rahisi kuliko vyote nilivyowahi kula), namba ya kitambulisho cha taifa (NIDA), cheti changu cha kuzaliwa, cheti cha kuzaliwa cha mzazi, fomu ya mtandaoni, namba ya malipo. Kwenye cheti cha mzazi ndipo nilipokwama. Nikampigia mama Tanga.

"Mama, shikamoo. Naomba cheti chako cha kuzaliwa."

"Marahaba. Cha nini tena?"

"Nashughulikia pasipoti."

"Haya, nitampa dereva wa basi."

Hakuuliza zaidi, nami sikueleza. Pasipoti mpya ikatoka. Wiki sita baadaye nilikwenda Tanga kurudisha cheti. Mama akafungua sanduku lake la kanga, akainua doti tatu, akakiweka cheti mahali pake, juu ya kijitabu cha buluu chenye jina la Jumuiya ya Afrika Mashariki.

"Mama, hiyo nini?"

"Si pasi yako. Ulikuja nayo Idi ukaitupa juu ya friji. Nikakuwekea."

"Mama, nimeitafuta miezi mitatu!"

"Hukuniuliza. Uliniuliza cheti."

Msomaji ataona kwamba hapa nadharia nzima ya kitenzi inatikisika. Pasipoti haikupotea, ilikuwa chini ya doti tatu na ubani. Sikuipoteza. Sikuibiwa. Sikupotelewa, kwa sababu mfiwa hawezi kumkuta marehemu anafukizwa udi. Nilikuwa nime-weke-wa. Hii ni kauli ya kutendewa yenye kheri ndani yake: kuna mtenda, ana jina, ana nia njema, na ndiye chanzo cha hasara yote. Nimekwisha kuwauliza wenzangu wawili wa sampuli, nikimwacha binamu wa Doha, kama wamewahi kuwekewa. Wote wameinamisha vichwa. Mwenzangu wa kazini ana mke ambaye humuwekea. Jirani, licha ya kibaka wake, amewahi kuwekewa kadi ya bima ya gari ndani ya msahafu.

Niliipeleka pasipoti iliyopatikana ofisi ya uhamiaji Jumatatu, kama inavyotakiwa. Afisa aliifungua, akanitazama, akaileta puani.

"Ilikuwa wapi hii?"

"Niliwekewa."

Hakucheka. "Na nani?"

"Mama."

Alitikisa kichwa taratibu kama mtu anayemjua mama huyo, akaitoboa matundu, akatafuta kwenye karatasi yake mahali pa kuandika sababu. Hapakuwa na mahali, naye akaandika: alipoteza.

Kwa hiyo natoa ombi kwa wote wanaotunga fomu, Dodoma, Nairobi, Kinshasa na kwingineko. Baada ya kisanduku cha "imepotea" na kile cha "imeibiwa", ongezeni cha tatu: "nimewekewa". Hakihitaji wino mwingi. Na mbele yake acheni mstari wa kuandika namba ya simu ya mama, ili afande aanze kwa kumpigia yeye.