Mkia wa Profesa

Katika vitabu vya anatomia, kila binadamu ana mkia. Upande unaoelekea chini ya kiwiliwili huitwa “caudalis”, kutokana na neno la Kilatini “cauda”, yaani mkia, ingawa mwenye mwili hana kitu hapo ila kifandugu. Ndani ya kichwa, upande wa mbele ni “rostralis”: “rostrum” ni mdomo wa ndege, na Warumi waliita hivyo hata ncha ya merikebu yao ya kivita. Profesa anayefundisha hayo, basi, ana mdomo wa ndege na mkia, na mshahara juu yake.

“Dorsum” ni mgongo, lakini wanaanatomia ni wakarimu: wameupa ulimi mgongo wake, na unyayo nao wake, upande wa juu. Mwaka 1895, huko Basel, walifyeka maelfu ya majina ya ziada, migongo ikasalimika.

“Latus” ni ubavu, halina mkasa. “Sinister” ni kushoto, na pia nuksi. Kushoto kwenyewe ni kwa mgonjwa, si kwa daktari anayemtazama. Daktari wa upasuaji akilisahau hilo, nuksi humfika aliyelala.